Ndoo ya Mzee Koleo

Kipimo kile kilikuwa kinakunywa. Kila baada ya muda mfupi pampu yake ndogo ilinguruma, mrija mwembamba ukatikisika, kisha ukasikia maji yakipanda, fyoo, fyoo, kama mtu mwenye kiu anayenyonya soda mpaka chini ya chupa. Fundi aliyeshinda nacho katika kile kichumba cha bati alikuwa ameizoea sauti hiyo vibaya. Hata nyumbani, mkewe akinywa maji, yeye aligeuka, bila kutaka, kutazama skrini ambayo haikuwapo.

Wenzake walimwita Nukta, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kuchunga nukta na vile vitarakimu vinavyoifuata, vidogo lakini ndivyo vinavyoamua kama kiwanda kitafungwa au kitaendelea. Kiwanda chao kilitengeneza koki za maji, zile zinazong'aa mpaka unajiona uso. Mng'ao huo ni wa kromi, na kromi ikishamaliza kung'arisha koki haipai mbinguni. Inabaki kwenye maji ya kusuuzia, nayo ni sumu. Sheria ilitaka maji hayo yapite kwenye matangi, yatiwe dawa, sumu itulie chini iwe tope, tope lichukuliwe na gari hadi kwenye shimo lililosakafiwa kwa zege, na kitakachobaki kikiwa safi ndipo kiruhusiwe kuingia mtaroni. Tena mwisho wa mtaro kuwe na kipimo, mrija wake umo majini, na majibu yaende yenyewe mpaka Mamlaka ya Mazingira. Kijani maana yake salama, njano maana yake angalieni, nyekundu ni sumu.

Ukiisoma, ni sheria nzuri kabisa. Ilibandikwa ukutani mle kichumbani, na mstari wake wa mwisho ulisema kwamba atakayechezea kipimo atashtakiwa yeye mwenyewe, si kampuni, na kifungo kipo. Walioiandika walifikiria kila kitu isipokuwa ndoo.

Ndoo ilikuwa ya plastiki, ya bluu iliyopauka, ukingo wake umeng'oka kipande. Kila mara kiwanda kilipofungulia maji machafu, na siku hizi kilifungulia karibu kila siku, maana dawa ya matangi ni ghali na meneja hakupenda vitu ghali, Nukta aliuchomoa mrija mtaroni akautumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bomba. Kipimo kikanywa maji safi, Mamlaka ikaona kijani, watu wakapata mshahara wao. Tope nalo halikuonana na gari lolote. Lilimwagwa kwenye shimo la zamani nyuma ya stoo, shimo la udongo mtupu, na mvua ikawa inalishindilia. Kazi hii Nukta aliirithi pamoja na ndoo yenyewe kutoka kwa Mzee Koleo, Mungu amrehemu.

Sasa mchana mmoja, jua likiwa la utosi, Nukta alikuwa ameshauhamisha mrija na anamenya chungwa lake kwa utulivu. Pampu ikanguruma. Akatupia skrini jicho kwa mazoea tu, akaona njano. Akaacha kumenya. Pampu ikanguruma tena, fyoo, fyoo, na skrini ikawa nyekundu.

Akadhani amesahau mrija mtaroni. La, umo ndooni, na maji ya ndoo ni maangavu, unaona mpaka mikwaruzo ya chini. Akayamwaga, akaisuuza ndoo, akakinga mengine bombani. Nyekundu. Akausafisha mrija, akabadilisha kichujio, akazima mtambo akauwasha upya. Nyekundu. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka, na safari hii bati halikuwa na kosa.

Ndipo akasikia mtu akikohoa nyuma yake. Kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayeomba nafasi ya kusema. Nukta hakugeuka. Nyuma yake palikuwa na kiti kimoja tu, cha marehemu, na tangu azikwe hakuna aliyethubutu kukikalia. Mzee Koleo alikuwa akikohoa hivyo hivyo kila alipotaka kuanza neno.

Alikuwa mzee wa utani yule. Siku ya kwanza alimshika Nukta mkono, akamwonyesha ndoo na kumwambia, "Mwanangu, hiki kidude ni kama mtoto mchanga. Kipe maji safi, kitanyamaza." Wakacheka. Baadaye mzee akaanza kutokwa damu puani, akasema ni joto. Kisha tumbo, kisha ini, kisha macho yakawa ya njano na utani ukakauka. Mwishoni alikataa maji. Mkewe alimletea kikombe, naye akageuza uso ukutani, akakohoa kama anayetaka kusema, asiseme. Watu walisema ni homa imempanda kichwani. Alipokufa, mjane alifungasha vitu vyake hata arubaini haijafika, akisema hawezi kulala tena katika nyumba ile, na nyumba ikapewa aliyeishika kazi.

Kwa hiyo Nukta alikuwa na kazi ya marehemu, ndoo ya marehemu na nyumba ya marehemu. Wakati huo aliiona ni bahati. Walikotoka, yeye na mkewe walinunua maji ya mkokoteni na kuyachuja kwa kitambaa. Hapa kwenye nyumba za wafanyakazi koki ilikuwa jikoni, inang'aa, maji yakitoka muda wote kwenye kisima kirefu cha kiwanda. Mkewe siku ya kwanza aliifungua na kuifunga, akaifungua na kuifunga, mpaka wakacheka wote wawili.

Mimba ya kwanza iliharibikia humo humo. Hawakuwa na wa kumlaumu. Sasa alikuwa na nyingine, tumbo limeshachomoza, na nesi wa kliniki alikuwa amemwambia anywe maji kwa wingi. Nukta alilichukua neno hilo kama amri ya mahakama. Asubuhi alijaza jagi maji yaliyochemshwa, akaliweka kando ya kitanda, na jioni swali lake la kwanza lilikuwa kama limekwisha. Alichokitaka hapa duniani kilikuwa kimoja tu, mtoto huyu azaliwe hai na alie kwa sauti, majirani wote wamsikie. Hii ndiyo sheria pekee aliyoisimamia bila kutumia ndoo.

Mchana ule mama wa stoo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi, alimkuta amesimama nje ya kichumba na ndoo mkononi.

"Vipi, umefukuzwa na nyuki?"

"Kipimo kinasumbua, Shangazi. Nakipa maji ya bomba, kinasema sumu."

Shangazi aliitazama ndoo kwa muda. "Hiyo si ndoo ya Koleo?"

"Ni ndoo ya kazi."

"Ni ya Koleo. Aliikata ukingo mwenyewe ili mrija ukae." Akashusha sauti. "Yule mzee alikufa na neno kooni. Nilikuwapo."

"Neno gani?"

"Ningelijua lingekuwa mdomoni mwangu, na wewe ungeshalisikia zamani. Itupe hiyo ndoo, mwanangu. Njoo nikupe nyingine."

Akampa ndoo mpya kabisa, nyekundu, bado ina karatasi ya dukani. Nukta akaijaza bombani. Kipimo kikanywa, kikasema nyekundu. Ile ya bluu alikuwa ameitupa nyuma ya ua, lakini alipotoka kuelekea nyumbani aliiona imesimama wima, na ingawa akili ilimwambia ndivyo ilivyoangukia, miguu yake haikusubiri maelezo.

Nyumbani mkewe alikuwa ameketi kizingitini anapepeta mchele.

"Mchana ulirudi kufuata nini?" akamuuliza.

"Sijarudi mimi."

"Wacha bwana. Nilikuwa nimejilaza, nikasikia mtu jikoni. Kafungua koki, kanywa kwa pupa hivi, fyoo, fyoo. Halafu akakohoa, akatema. Nikaita, kimya. Nikajua ni wewe, una haraka zako."

Nukta aliingia jikoni. Koki ilikuwa imefungwa. Sinki lilikuwa na maji kidogo, lakini sinki gani halina maji kidogo.

"Labda ni mwenye nyumba kaja kudai nyumba yake," mkewe akasema kutoka nje, akicheka.

"Usitanie hivyo."

"Haya, basi. Mbona umekuwa mweupe?"

"Nimechoka tu. Jagi umelimaliza?"

"Nimelimaliza, afande. Hata lile la akiba."

Akalala akisikiliza mabomba ukutani. Mkewe alikuwa ameshika mkono wake akauweka tumboni, akamwambia subiri, atacheza sasa hivi. Wakasubiri. Mtoto alicheza, kidogo, upande mmoja, na Nukta akajikuta anashukuru kimoyomoyo bila kujua hasa anamshukuru nani, Mungu au yule mzee.

Meneja alimwita asubuhi. Ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi, na pembeni palisimama lile chupa kubwa la maji lililogeuzwa kichwa chini juu ya kisimamio chake, likibubujika kila mtu akikinga.

"Fundi, nasikia ndoo yako ina mashetani."

"Sina maelezo, bosi. Nimebadilisha kila kitu."

"Mimi ninayo maelezo. Uzembe." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mamlaka wakiona nyekundu ikiendelea wataleta watu. Wakileta watu watataka kuona matangi, watataka kuona tope. Kiwanda kikifungwa watu wangapi watalala njaa? Sheria inataka namba ya kijani. Basi tunaipa namba ya kijani, kila mtu anafurahi."

"Ndiyo, bosi."

"Leo nataka kijani. Nisipoiona, umemwaga unga. Na ile nyumba ni ya kazi, unajua. Mkeo si mjamzito?"

"Ni mjamzito."

"Basi mfikirie." Akajikingia glasi ya maji, akanywa taratibu, akarudia karatasi zake.

Nukta alitoka akiwa na roho mkononi. Mkewe asubuhi alikuwa amemfungia chupa ya chai iliyojaa maji, yale ya jagi, yaliyochemka na kupoa, akisema midomo yake imekauka kama ya mgonjwa. Hakuwa ameyagusa. Sasa, akiwa amekaa mbele ya kipimo huku mtaro unaanza kufoka maji ya rangi ya nyasi kavu, wazo likamjia. Kama kuna kitu kibaya, kiko hapa: kwenye bomba hili lenye kutu, kwenye kichumba hiki, kwenye kiti kile. Maji ya nyumbani yamechemshwa na mikono ya mkewe. Katika maisha yake hakujua maji mengine safi kama hayo. Hata mzimu ungeona haya kuyagusa.

Akaipangusa ndoo mpya kwa shati lake, akamimina maji ya chupa ya chai, akatumbukiza mrija. Akafumba macho. Pampu ikanguruma. Fyoo, fyoo. Alingoja mpaka mngurumo ukaisha ndipo akafumbua.

Ilikuwa nyekundu, na tarakimu zake zilizipita za maji ya bomba.

Hakupiga kelele. Alikaa tu, na kitu kimoja alichofundishwa zamani kwenye mafunzo ya kipimo, akakijibu kwenye mtihani na kukisahau, kikamrudia neno kwa neno. Kromi haikimbii moto. Ukichemsha maji, yanayoondoka ni maji, sumu inabaki na kukolea. Jioni baada ya jioni mkewe alikuwa amesimama jikoni akiikoleza, na asubuhi baada ya asubuhi yeye mwenyewe alikuwa akimpelekea kitandani.

Akatazama nje ya mlango. Pale nyuma ya stoo lilikuwa lile shimo la tope. Hatua chache mbele yake, palikuwa na mnara wa tangi la kisima. Alikuwa ameviona vitu hivyo viwili kila siku tangu aje, mara nyingine kwa mtupo mmoja wa jicho, na hakuwahi kuvisogeza karibu kichwani mwake. Mvua ilikuwa imefanya kazi hiyo kwa niaba yake. Kisima kimoja kililisha bomba la kiwanda na koki zote za nyumba za wafanyakazi. Kijani ya kipimo ilikuwa ya maji ya mtaroni, si ya kunywa, na sumu ya kisima ilikuwa ikipanda chini ya mpaka huo muda wote, hadi jana ilipouvuka. Kipimo hakikuwa na shetani. Baada ya kudanganywa miaka yote hiyo, bado kilikuwa kinasema kweli kuhusu kila kilichowekwa mbele yake.

Alibaki na jambo moja la kuhakikisha. Meneja alikuwa ametoka kwenda kula. Nukta akaenda stoo.

"Shangazi, nahitaji maji ya lile chupa la bosi."

"Ukaonekane unakinga maji ya bosi? Umechoka na kazi?" Lakini alimtazama usoni akaacha mzaha. Akaingia nyuma, akatoka na chupa nzima ambayo ilikuwa haijafunguliwa. "Chukua. Zipo tele. Mimi ndiye ninayezipokea."

"Zilianza kuletwa lini?"

"Zamani kidogo. Kipindi kile Koleo alipoanza kuumwa. Kuna wataalamu walikuja wakachota maji ya kisima, wakaondoka, hatukuambiwa kitu. Wiki ile ile bosi akaanza kuagiza maji. Mimi nikasema, maringo hayo, anaona bomba letu halimfai. Mbona unaniangalia hivyo?"

"Wewe unakunywa yapi, Shangazi?"

Shangazi alikitazama kikombe chake kilichokuwa juu ya meza, nusu kimejaa, kana kwamba kimemtukana.

Maji ya meneja yalitoa kijani. Hayakusita hata kidogo, hayakupitia njano. Nukta aliiangalia kijani ile na hasira ikampanda mpaka masikio yakavuma. Meneja alijua. Alikuwa ameketi pale kwenye kiyoyozi na glasi yake, akaulizia mimba ya mtu, akasema mfikirie, na alijua. Na Mzee Koleo naye alijua mwishoni, kwa namna ambayo mwili unajua, ndiyo maana aligeuza uso ukutani. Ila hasira haikumwachia nafasi ya kujificha humo kwa muda mrefu. Nani alikuwa akiipatia Mamlaka kijani muda wote huo? Kama mrija ungekaa mtaroni siku moja tu, siku moja ya kweli, watu wangekuja, wangefukua shimo, wangepima kisima. Si meneja aliyeuchomoa mrija. Mikono ilikuwa hii hapa, na ilikuwa bado inanuka maganda ya chungwa la jana.

Akauchukua mrija, akatoka nao, akautumbukiza mtaroni na kuufunga kwa waya ili usitoke. Skrini ikawa nyekundu ya kutisha, namba zikipanda. Hakufunga mlango wa kichumba. Akaondoka katikati ya zamu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Barabara ya kwenda nyumba za wafanyakazi ilikuwa fupi, lakini mchana ule ilikuwa imejaa sauti. Katika nyumba ya kwanza mtu alikuwa anajaza beseni. Katika ya pili mama anamwogesha mtoto, na mtoto anachezea maji kwa viganja. Mbele kidogo mtu alikohoa ndani, kikohozi kifupi, kikavu, na Nukta akasimama. Nyumba ya jirani mwingine akakohoa. Alikuwa amekisikia kikohozi hicho mtaani tangu siku ya kwanza, akakiita vumbi. Mzee Koleo hakuwa amerudi kutoka kokote, maana hakuwa peke yake hata alipokuwa hai.

Mkewe alikuwa jikoni, sufuria kubwa iko mezani, imejaa maji yaliyochemka ambayo alikuwa ameyaacha yapoe. Jagi lilikuwa tupu karibu yake.

"Umerudi kweli leo, au ni yule mwingine?" akamtania.

Nukta alifungua mdomo. Simu ikaita mfukoni mwake, na kwa woga alioupata akashukuru kuwa imeita, akaipokea.

"Habari yako, fundi. Nakupigia kutoka Mamlaka ya Mazingira, kitengo cha vipimo." Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, ya mtu anayependa kazi yake. "Naona kituo chenu kimeharibika."

"Hakijaharibika, dada."

"Kinaonyesha nyekundu isiyowezekana. Ninyi ni kituo chetu cha mfano, kaka. Hamjawahi kutoa hata njano kabla ya wiki hii. Kiwanda cha namna hiyo hakiamki tu siku moja kikawa sumu. Nimeshaandika kuwa ni hitilafu ya mtambo, tutaleta fundi zamu yenu ikifika. Kwa sasa uloweke mrija kwenye maji safi, utulie."

Nukta alimtazama mkewe. Alikuwa ameshika kikombe, anakichovya kwenye sufuria. Akamnyang'anya. Alifanya hivyo kwa nguvu kiasi kwamba maji yalimwagikia gauni lake, naye akamkodolea macho, mdomo wazi.

"Dada, nisikilize vizuri," Nukta akasema. "Kipimo ni kizima. Kilichokuwa kibovu ni zile kijani zote. Kila tulipofungulia maji, nilikuwa nautoa mrija mtaroni naweka kwenye ndoo ya maji ya bomba."

Upande wa pili kiti kililia, kama mtu ameketi wima ghafla.

"Tope limetupwa kwenye shimo lisilo na zege. Limefika kisimani. Kisima ndicho tunachokunywa, nyumba zote hizi. Nimepima maji ya nyumbani kwangu leo. Njooni mpime wenyewe, msiniamini mimi. Lakini njooni sasa."

"Kaka," sauti ikasema, na upole ulikuwa umeondoka, "unajua unachokisema? Kuchezea kipimo ni kosa la jinai. Ni lako, si la kampuni. Nikiliandika hili siwezi kulifuta."

"Nimeisoma. Iko ukutani kwangu."

"Nisipoliandika, hii ni hitilafu tu."

"Ukiandika hitilafu mtakuja lini?"

"Mwezi ujao. Labda ule mwingine."

"Na ukiandika hilo la kwangu?"

"Lazima tuje leo, na polisi."

"Basi andika."

"Nitajie jina lako kamili."

Akalitaja, lake, la baba yake na la babu yake, polepole, ili lisikosewe. Kisha akakata simu na kuiweka mezani. Mkewe alikuwa amesikia kila neno. Gauni lake limeloa kifuani, na mkono mmoja ulikuwa umeshuka chini ya tumbo, umelishika kama mtu anayebeba kitu kizito peke yake.

"Maji haya?" akauliza.

"Haya."

"Haya uliyokuwa unaniletea."

"Sikujua, mke wangu. Naapa, hayo sikujua."

"Lakini ndoo ulikuwa unaijua."

Nukta alikuwa na maneno mengi, kuhusu meneja, kuhusu mshahara, kuhusu Mzee Koleo aliyemshika mkono siku ya kwanza, na kila moja aliloligusa lilikuwa linanuka kabla hajalitoa.

"Na yule wa kwanza?" mkewe akauliza, kwa sauti ndogo sana. "Yule naye ni haya haya?"

"Sijui," Nukta akasema, na machozi yakamtoka, maana alijua kwamba angekaa na swali hilo gerezani, na baada ya gereza, mpaka kufa kwake. "Watakuja leo. Watakupeleka hospitali, watampima. Bado anacheza, si bado anacheza? Mapema hivi inawezekana tumewahi."

Mkewe hakusema kama anacheza au hachezi. Alishika masikio ya sufuria ile kubwa, akaiinua. Nukta akataka kumsaidia, naye akamwepuka kwa bega. Akavuka sebule akiibeba juu ya tumbo, maji yakiyumba, akafungua mlango kwa mguu akatoka mpaka uani. Hapo akasimama. Akatazama udongo wa ua. Akatazama matuta yake ya nyanya, kisha mfereji mdogo unaopita nyuma ya nyumba zote na kurudi kule kule kwenye kisima. Mikono ilianza kumchoka, na bado alikuwa ameishikilia sufuria imejaa, anageuka huku na huku katika ua wake mwenyewe.

"Niyamwage wapi?" akamuuliza mumewe.

Nukta alisimama mlangoni, akaangalia kila mahali alipokuwa ameangalia mkewe, na hakuwa na pa kumwonyesha.